Likya Yolu, Uturuki: maswali yanayojirudia kila msimu

Kila ikikaribia Machi na kila ikikaribia Septemba maswali ni yaleyale, nusu yanatoka kwa wanafunzi wa kwetu walioko Antalya, Isparta, Konya na Istanbul, nusu kwa watu wanaotaka kuja toka Dar au Nairobi wakiwa wameona picha ya ufukwe wa Ölüdeniz kwenye simu. Nimeyaweka hapa yote. Kama swali lako linafanana na la mwenzako utaona nimekuelekeza juu au chini badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Likya Yolu ni nini hasa?

Ni njia ya miguu ya kama kilomita 540 kusini magharibi mwa Uturuki, inafuata pwani ya Mediterania kati ya Fethiye na Antalya. Inaanzia Ovacık, pale juu ya Ölüdeniz, inaishia Geyikbayırı, kijiji kilichoko milimani nyuma ya Antalya. Aliyeifuatilia na kuiwekea alama ni Kate Clow, mama wa Kiingereza aliyehamia Uturuki, ikafunguliwa 1999, na ndo njia ndefu ya kwanza nchini humo kuwekewa alama. Hakuna aliyeichonga upya, ni vipande vya zamani vimeunganishwa: barabara za Warumi, njia za nyumbu, vijia vya Wayörük, wafugaji wanaopandisha mbuzi kwenye malisho ya juu joto likianza na kuwashusha baridi ikiingia.

Likya wenyewe walikuwa watu wa kale wa pwani hii. Miji yao ilikuwa na muungano, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zamani, aliandika kwamba miji 23 ilikuwa inapiga kura, mikubwa kura tatu, ya kati mbili, midogo moja. Jengo walilokuwa wanakutania bado unaliona Patara. Makaburi yao ndo utayaona mpaka uchoke, mengine yamechongwa kwenye jabali kama mlango wa nyumba, mengine ni masanduku ya mawe yamesimama tu katikati ya shamba la mtu na kuku wanazunguka chini yake.

Sasa ni mlima au ni ufukweni?

Vyote, tena siku hiyohiyo, na hapo ndo watu wanapojidanganya. Milima ya Toros inashuka moja kwa moja baharini, hakuna tambarare ya kupumzikia katikati. Babadağ ina mita 1,969 na imesimama juu kabisa ya Ölüdeniz, ndo maana wale wa parashuti wanairukia hapo. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani leo ni kilomita 10 tu ukasema ah, saa mbili na nusu nimefika, hapana. Unapanda mita mia tano, unashuka zote mpaka kwenye ghuba, unapanda tena. Hesabu kilomita mbili kwa saa ukiwa na mzigo, ukifanya zaidi ya hapo umefanya vizuri.

Ni ngumu kama Kilimanjaro?

Ugumu wake ni mwingine kabisa. Hewa haikusumbui hata kidogo: sehemu ya juu kabisa ya njia, kwenye mgongo wa mlima Tahtalı, ni karibu mita 1,800, na hata ukiamua kuacha njia ukapanda mpaka kileleni ni 2,366. Mandara, kibanda cha kwanza njia ya Marangu, kiko mita 2,700 na ushee. Kwa hiyo dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko acha nyumbani.

Lakini huku hakuna wagumu, wale wapagazi wa Kilimanjaro. Hakuna mpishi aliyekutangulia, hakuna mtu wa kukuamsha na chai. Begi unabeba mwenyewe, njia unatafuta mwenyewe, na chini ni mawe ya chokaa yenye makali ambayo yanakula soli ya kiatu na kutesa magoti, hasa kwenye kushuka. Watu wenye mapafu ya simba nimewaona wamekaa chini siku ya pili sababu ya vidole vya miguu.

Kuna geti, kibali, au lazima nichukue mwongozaji?

Hakuna. Unashuka kwenye daladala unaanza kutembea. Unacholipia ni kiingilio cha magofu kama Patara, Xanthos, Myra na Olympos, na Olympos njia inapita mle mle ndani kwa hiyo hulikwepi. Waongozaji wapo ukitaka, na kuna watu wa vijijini watakusafirishia begi kwa gari mpaka pansiyon inayofuata, yaani nyumba ndogo ya wageni, kule ambako barabara inafika. Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye mgongo mbovu hiyo ni hela nzuri sana kuitoa.

Inachukua siku ngapi?

Nzima, mwezi mmoja hivi. Karibu hakuna mtu wa kwetu anayeimaliza mara moja na wala sio lazima, hakuna cheti, hakuna anayekuhesabia. Wengi wanachukua siku tatu mpaka saba. Ushauri wangu ambao nimeshaurudia mpaka naonekana nimelipwa: chagua kipande kimoja kizuri ukifaidi, usikimbizane na kilomita.

## Kuchagua kipande

Ndo kwanza naanza, nianzie wapi?

Upande wa magharibi, toka Ovacık. Siku ya kwanza unaenda mpaka Faralya, unazunguka ubavu wa Babadağ huku rasi ya Ölüdeniz ikiwa chini yako, maji yana rangi ile ya kwenye picha, hawajaongeza kitu. Njia ni pana mwanzoni, alafu inakuwa kijia cha mawe, unapita Kirme, unashuka. Ya pili Faralya mpaka Kabak, fupi, una muda wa kushuka kuogelea. Ya tatu Kabak mpaka Alınca, hiyo ni kupanda toka karibu usawa wa bahari mpaka mita mia saba na kitu, kwenye msitu wa misonobari, unalowa jasho hata Aprili. Ukifika Alınca juu geuka uangalie ulikotoka. Hapo unaweza kukata kauli: miguu ikikubali unaendelea Yediburunlar, zile rasi saba, mpaka Gey, Bel, Gavurağılı na mwisho Patara, ikikataa unaomba lifti ya kurudi Fethiye bila aibu yoyote.

Yediburunlar ndo kipande ninachokipenda upande huu sababu watalii wa siku moja hawafiki. Ni mashamba ya ngazi, mbuzi, na korongo refu lililo wazi kwa bahari. Lakini maji ni ya shida, soma sehemu ya maji kabla hujafikiria.

Nina wikendi moja tu, natokea Antalya.

Çıralı na Olympos. Unafika Ijumaa usiku, Jumamosi unatembea Adrasan mpaka Olympos juu ya Musa Dağı, siku nzima hiyo, msitu mtupu na kivuli kingi, alafu unashuka unatokezea kwenye magofu ya Olympos kwa nyuma, kuta za Warumi zimemezwa na miti na mto unapita katikati mpaka ufukweni. Usiku unapanda Yanartaş.

Yanartaş ndo ule moto usiozimika?

Ndo huo. Juu ya Çıralı kuna mwamba unatoa gesi, methani kwa sehemu kubwa, na inawaka yenyewe kwenye nyufa mchana na usiku. Wagiriki wa zamani walisema ni pumzi ya Chimaera, yule mnyama mwenye kichwa cha simba, na mabaharia walikuwa wanauona toka baharini. Ni kupanda dakika ishirini, thelathini hivi toka getini, nenda giza likiingia na beba tochi. Utakuta familia za Kituruki zinachoma soseji kwenye miali na birika la chai limetengwa pembeni, na mtu atakukaribisha kikombe kabla hujasema umetokea wapi.

Na ile picha ya mnara wa taa?

Gelidonya. Mnara mweupe mdogo umesimama peke yake kwenye rasi, mita mia mbili na kitu juu ya maji, na visiwa vitano mbele yake vimepangana. Ulijengwa 1936. Njia nzuri ni toka Karaöz: mwanzo ni barabara ya vumbi ya kuchosha, alafu kijia kinaingia msituni kinapanda mpaka mnarani. Unaweza kurudi Karaöz siku hiyohiyo au ukaendelea mpaka Adrasan, ambayo ni kilomita ishirini na ushee jumla na haina duka, haina bomba, haina kitu. Lita nne, sio mzaha. Mimi kama ningeambiwa nichague siku moja tu kwenye njia nzima ningechagua hii, na ningeanza saa kumi na mbili asubuhi.

Kaş na Kekova vipi, inafaa?

Inafaa sana kwa asiyependa kupanda. Toka Kaş kuelekea mashariki njia inacheza karibu na maji siku mbili tatu, unapita Aperlai, mji wa kale ambao sehemu yake imezama, unafika Üçağız na Kaleköy ambako kaburi la Walikya limesimama baharini maji yakilifika kiunoni. Mawe ya huku ni makali kuliko popote, viatu vya soli laini vitakufa. Juu ya mji uliozama Kekova kuogelea na kuzamia ni marufuku, utauona kwa boti au kayaki.

Nichomekee kitu hapa, maana naulizwa kama kuna lolote la Afrika huku. Karibu na Kaş, kwenye rasi ya Uluburun, mzamiaji wa sponji alikuta mabaki ya jahazi mwaka 1982, likachimbuliwa kati ya 1984 na 1994. Lilizama zaidi ya miaka elfu tatu mia tatu iliyopita likiwa na tani kama kumi za shaba. Na ndani yake kulikuwa na magogo ya mpingo. Mpingo huuhuu, Dalbergia melanoxylon, anaouchonga Mmakonde. Wamisri walikuwa wanauagiza toka kusini kwao na ukaingia kwenye biashara ya wafalme. Pamoja nao kulikuwa na pembe za ndovu, meno ya kiboko na maganda ya mayai ya mbuni. Vitu vyenyewe viko jumba la makumbusho la Bodrum, sio Kaş, kwa hiyo usisumbue watu hotelini.

Kuna sehemu ya kuruka?

Ipo. Toka Finike mpaka Mavikent ni tambarare, lami, na grinihausi za plastiki za nyanya mpaka macho yanauma. Panda basi. Kuna wanaosema ukiruka hujatembea Likya Yolu, waache na lami yao. Vipande vya bondeni kuzunguka Xanthos navyo sio vya kufa navyo, ingawa Xanthos na Letoon zenyewe, ambazo UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia 1988, zinafaa nusu siku ya kuzunguka.

## Msimu

Mwezi gani ni mzuri?

Katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei, alafu mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Novemba. Aprili ndo yenyewe, maua kila mahali, visima vina maji, jioni baridi ya kuvaa koti jepesi. Oktoba bahari bado ya moto lakini vyanzo vingi vya maji vimekauka toka kiangazi. Tahtalı inakaa na theluji mpaka mwezi wa nne, saa ingine wa tano, kwa hiyo ukisikia Aprili usifikirie kaptula kila mahali.

Likizo yangu ni Julai na Agosti tu, siwezi kweli?

Najua mtu wa Dar anajiona joto analijua. Joto la huku linafika nyuzi 38, 40, mwamba mweupe unarudisha jua usoni na hakuna upepo kwenye mabonde. Watu wanazimia. Alafu kuna moto wa msitu, 2021 Manavgat mashariki ya Antalya iliungua vibaya sana, na siku hizi majira ya joto serikali za mikoa zinafunga kabisa kuingia misituni, ukikamatwa ni faini. Kama huna jinsi, anza alfajiri utembee kwa muda wa saa tatu, nne tu, alafu mchana kaa kwenye maji kama kila mtu mwenye akili. Au panda Tahtalı kwa gari la waya, kituo chake cha chini kiko kati ya Kemer na Tekirova, kule juu kuna ubaridi.

Na baridi, Desemba mpaka Februari?

Pansiyon nyingi zimefungwa, mvua ni za radi, na vijito vya kuvuka kwa kuruka vinakuwa mito, mfano bonde la Göynük. Kipande cha chini chini cha Kaş kinatembeka siku za jua. Milimani usiende.

## Kufika na makaratasi

Natoka Afrika Mashariki, nafikaje?

Ndege mpaka Istanbul, Turkish Airlines wanatua Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe na Kigali, alafu unaunganisha ya ndani mpaka Dalaman kama unaanzia Fethiye, au Antalya kama unaanzia mashariki. Basi la usiku toka Istanbul mpaka Antalya ni kama saa kumi na mbili, la raha, wanapitisha chai na keki.

Huko pwani usafiri ni dolmuş, ambayo ni daladala isiyo na konda anayepiga kelele. Barabara moja, D400, inafuata pwani yote, na mabasi madogo ya Fethiye–Antalya yanapita Kalkan, Kaş, Demre, Finike, Kumluca. Unamwambia dereva unaposhukia anakushusha. Kwa Olympos na Çıralı unashukia njia panda juu, alafu unasubiri dolmuş nyingine ya kushuka chini. Geyikbayırı inafikika kwa basi la jiji la Antalya.

Viza?

Inategemea pasipoti yako na kama una viza au ukaazi wa nchi nyingine. Ingia tovuti rasmi ya e-visa ya serikali ya Uturuki, weka nchi yako, itakuambia. Ziko tovuti zinafanana na hiyo zinachukua hela mara tatu, angalia anwani iishie na gov.tr.

Mimi mwanafunzi, nina ikamet (kibali cha ukaazi), kuna shida yoyote?

Hakuna, ila kadi yenyewe tembea nayo, sio picha kwenye simu. Jandarma, yaani askari wa usalama wa vijijini, wanaweka vizuizi barabarani na wanapanda kwenye mabasi kukagua vitambulisho, na kila pansiyon inatakiwa kisheria kuandikisha kila mgeni. Kama ikamet yako imeisha na unasubiri mpya beba ile karatasi ya maombi. Kama imeisha na hujaomba, kwanza kashughulikie hilo, mlima hauhami.

## Kulala, kula, hela

Lazima nibebe hema?

Kwa magharibi hapana, kila baada ya nusu siku kuna pansiyon na nyingi zinatoa chumba, chakula cha jioni na kifungua kinywa kwa bei moja. Mashariki, hasa siku za kuzunguka Tahtalı na zile za juu ya Finike, hema linakupa uhuru. Kupiga kambi nje kwa kawaida hakuna anayekusumbua ukilala usiku mmoja ukaondoka safi, lakini ndani ya magofu hapana, na ufukwe wa Patara hapana, kasa wanataga pale na usiku hauruhusiwi kabisa. Moto usiwashe. Msonobari mkavu ni petroli.

Chakula cha njiani kikoje, halali?

Vijijini hutapata shida ya nyama, ni Waislamu hao na nguruwe pekee utakayemwona ni wa mwituni anakimbia. Mchana ni gözleme: mama kakaa chini mbele ya bamba la chuma, anasukuma donge kwa mti mwembamba mpaka linakuwa jembamba la kuona mkono wake upande wa pili, anatupia jibini na majani, anakunja, anageuza, dakika tatu unakula. Unashushia ayran, mtindi mwepesi wa chumvi. Asubuhi zeituni, mayai, nyanya, asali. Mtu aliyezoea ugali atalalamika siku ya tatu, nawaambia wabebe mchele robo na jiko la gesi, hasira zinapungua.

Duka la kijiji linaweza kuwa limefungwa na mwenyewe yuko shambani, kwa hiyo beba akiba ya siku moja siku zote: tende, karanga, mkate.

Bajeti?

Bei za lira zinabadilika haraka mno, nikiandika leo mwezi ujao ni uongo. Piga simu pansiyon kabla hujaenda. Kinachokula hela ni kulala. Mwenye hema na jiko anatumia pesa ndogo sana, na nauli za dolmuş ni za kawaida. Beba noti taslimu, Alınca hakuna mashine ya kutolea hela na mashine za kadi vijijini zinakufa mtandao ukikatika.

## Maji, viatu, njia

Maji nayapata wapi?

Hili ndo swali ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza. Mwanadamu wa kawaida beba lita tatu ukiondoka kijijini, nne kama ni Gelidonya au Yediburunlar au kuna jua kali. Kila msikiti una mabomba ya kutawadhia nje, na hapo ndo wanapojaza chupa wote, Mjerumani, Mrusi, Muislamu, asiye Muislamu, salimia tu. Chemchem zilizojengewa, çeşme, ziko kando ya njia nyingi na maji yake kwa kawaida yananyweka.

Alafu kuna sarnıç, yale mabirika ya mawe ya kuvuna mvua yenye kuba juu, yanafanana na kibanda kilichozama nusu ardhini. Unainama kwenye kimlango, ndani giza na ubaridi, kuna kidumu kilichokatwa kimefungwa kamba, unadumbukiza unavuta. Maji yanakuja na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Hayo yanachujwa kwa kitambaa na kutiwa dawa au kuchemshwa, usinywe hivihivi hata kama mzee wa pale anakunywa na ana miaka tisini.

Njia inaonekana? Nitapotea?

Alama ni mistari miwili, mweupe juu mwekundu chini, imepakwa kwenye mawe na miti. Ukikuta iksi nyekundu umekosea, rudi. Katikati kuna vichuguu vya mawe watu wamepanga. Sheria rahisi: ukitembea dakika kumi bila kuona alama, simama, rudi kwenye ya mwisho uliyoiona, usijifanye mjuaji ukakata shoti kati, maana vijia vya mbuzi ni vingi kuliko vya watu na mbuzi anaenda mahali wewe utabaki. Sehemu zilizoungua au kupitishwa barabara mpya alama zimepotea, kwa hiyo pakua ramani ya njia kwenye simu itakayofanya kazi bila mtandao, na beba pawabenki.

Viatu gani?

Soli ngumu, vilivyokwishavaliwa, vikubwa nusu saizi sababu ya kushuka. Raba za kukimbilia zinakubalika kwa Faralya–Kabak, kwingine utajuta. Fimbo mbili za kutembelea zinaokoa magoti na zinasaidia kwa mbwa pia, tazama chini.

## Usalama na mambo ya pembeni

Mbwa, nyoka, nguruwe?

Mbwa wa wachungaji ndo wa kuheshimu. Wanalinda mbuzi, watakuja wanabweka. Usikimbie, usipite katikati ya kundi la mbuzi, zunguka mbali, inama kama unaokota jiwe, wengi wanarudi nyuma. Mchungaji yupo karibu, mpigie kelele. Nyoka wa sumu wapo, kwa hiyo mkono usiingie kwenye ufa usioona ndani. Nguruwe mwitu usiku atafuata chakula, kifunge ukining'inize. Kupe kagua miguuni kila jioni kipindi cha masika. Na mwanzoni mwa masika ukiona viwavi wenye manyoya wanatembea kwa mstari chini ya misonobari usiwaguse, manyoya yao yanawasha vibaya.

Mwanamke peke yake?

Wapo wengi, na wadada wa kwetu waliotembea wawili wawili magharibi wamerudi salama wakisimulia zaidi akina mama waliowalazimisha kula. Usilifanye la ukakamavu tu: mwambie mwenye pansiyon unaelekea wapi kesho, wanapigiana simu wenyewe kwa wenyewe, hata huombi.

Na mtu mweusi, wananiangaliaje?

Watakuangalia, hilo halina kificho, vijiji vingine hawajapitiwa na wengi. Watauliza memleket neresi, kwenu wapi, ukisema Tanzanya au Kenya maswali yanafuata, na picha za pamoja. Maneno ya ovyo yapo mjini zaidi kuliko mlimani. Ukijua Kituruki kidogo, selamün aleyküm, na kolay gelsin (kazi iwe nyepesi) kwa mtu anayefanya kazi shambani, mlango umeshafunguka.

Naweza kushuka Kelebekler Vadisi, lile Bonde la Vipepeo, kwa miguu toka Faralya?

Usishuke. Lile genge ni mita mia tatu na zaidi, kuna sehemu za kamba, mawe yanateleza na watu wamekufa pale. Panda boti toka Ölüdeniz, ufukwe ni uleule.

Ramadhani?

Vijijini watakupa chakula mchana kama hujafunga, kula pembeni kwa adabu. Kama umefunga na unataka kutembea na begi, fanya kipande kifupi cha asubuhi mapema ufikie pansiyon, kupanda Alınca bila maji hakuna shekhe atakayekusifia. Futari ya kijijini lakini, usiikose.

Nikiumia mbali na barabara?

Piga 112, namba moja ya kila dharura, gari la wagonjwa, jandarma, zimamoto wote humo. Mabondeni hakuna mtandao, panda mgongoni mwa kilima mpaka upate, Turkcell inashika sehemu nyingi zaidi. Taja kijiji cha mwisho ulichopita na usome namba za GPS za simu yako. Kwa aliyekuja na viza, bima ya safari hakikisha imeandika kutembea milimani, nyingine zinakataa kulipa.

Naweza kuja na watoto?

Wa miaka kumi kwenda juu, Faralya–Kabak au Olympos–Çıralı, sawa. Mdogo wa kubebwa mgongoni, kwenye mawe yale, mimi nakataa.

Nimeokota kigae cha chungu chenye nakshi, ni kidogo tu, naweza kurudi nacho?

Kirudishe ulipokitoa. Sheria ya Uturuki ya vitu vya kale, namba 2863 ya mwaka 1983, haitofautishi kidogo na kikubwa, na watalii wamekamatwa uwanja wa ndege sababu ya mawe waliyoona ya kawaida. Mashine ya kukagua mizigo inaona, ofisa anauliza, ndege inaondoka bila wewe. Sarafu ya kale anayokuuzia mtu pembeni ya magofu ni mbaya zaidi: ikiwa feki umeibiwa, ikiwa halisi ni kesi.